Upande wa Kulia Hakuna

Mlango wa Nyumba ya Somo ulijifunga wenyewe saa mbili kasorobo asubuhi. Generoza, aliyekuwa bado anatafuna andazi, akauliza kama choo kiko ndani au nje. Nikamjibu kiko ndani. Kila kitu kiko ndani, hata sisi. Wakacheka wote kumi na wawili, kile kicheko cha watu ambao hawajajua kwamba nimesema kweli.

Siku tatu. Ndiyo sheria ya mafunzo ya walezi hapa Kasanzi. Ukishaingia hutoki mpaka jioni ya siku ya tatu, au mpaka mwalimu atie sahihi kwamba darasa zima limefaulu, mojawapo likitangulia. Tangu nianze kufundisha sijaona darasa zima likifaulu mapema, na kwa kumtazama Generoza peke yake nilijua hili halitakuwa la kwanza. Simu zinabaki kwenye sanduku la langoni. Madirisha yako juu karibu na dari, yanaleta mwanga lakini hayaleti habari. Tunafungiwa kwa sababu ndani tunaonyeshwa picha hai za watoto wa kweli wa mji huu huu, nyuso zikiwa zimefutwa, na wakubwa hawataki mtu atoke mapema akazitembeze sokoni kabla hajala kiapo.

Nilianza kwa kuwaeleza habari ya ushanga, ingawa kila mmoja wao ana mtoto au mjukuu anayeuvaa. Kila mtoto wa Kasanzi aliye chini ya miaka sita ana ushanga mmoja wa kijivu kwenye kifundo cha mkono. Unasikia moyo, unaona ngozi, unajua mtoto ameanguka au ameangushwa. Yote hayo unayapeleka kwa Jicho. Jicho lenyewe liko wapi, sijui. Nilimwuliza fundi aliyekuja kulifunga, akaniambia liko kila mahali, nikamwambia huyo tayari tunaye kanisani.

Jicho likiona alama kwenye mwili wa mtoto, ushanga unageuka mwekundu na kulia kama nyenje, na hapo hapo mlezi aliyesajiliwa anaulizwa kwenye kidani anachovaa shingoni. Linauliza kwa kifupi kama mkwe aliyenuna: alama, nini? Mlezi anatakiwa amwone mtoto kwa macho yake, kisha ajibu. Akisema ameumizwa, gari la ulinzi linamfuata mtoto. Asiposema chochote kwa muda wa saa moja, gari linakwenda vilevile, maana sheria imeona heri kumchukua bure kuliko kumwacha. Mashine hairuhusiwi kuhukumu peke yake. Lazima awepo mtu.

Hapa Kasanzi mtu huyo ni mimi, Ledigunda, darasa la saba, magoti mabovu. Tulikuwa watatu. Mmoja kahamia kwa mwanawe, mwingine kahamia kwa Mungu. Ndiyo maana ya darasa hili.

Siku ya kwanza niliwafundisha mambo ambayo huwa nayafundisha nikiwa nimefumba macho. Kwamba mlezi si askari. Kwamba hatakiwi kuwa na hakika, anatakiwa kushuku na kusema, wenye kazi ya kuhakikisha wapo. Kwamba mtoto akianza kusimulia, unamsikiliza, humhoji kama karani wa mahakama, na wala hukimbilii kumwita mama yake aje ajieleze. Kwamba usimwahidi mtoto lolote, hata kama moyo unakupasuka, kwa sababu ahadi si yako kuitimiza, na mtoto aliyeumizwa ameshaahidiwa mengi. Na ya mwisho nikaiandika ukutani kwa herufi kubwa: andika ulichokiona, usiandike unachokijua.

Generoza akauliza, je, kama aliyemwumiza mtoto ni dada yako wa tumbo moja? Nikamwambia andika ulichokiona. Na kama ni mwenyekiti wa mtaa? Andika ulichokiona, kisha uhame mtaa. Wakacheka tena. Ditrika peke yake hakucheka. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mwanamke mrefu mkimya anayepika uji kwenye kituo cha watoto cha mtaa wa Bomba. Alikuwa anaandika kila neno ninalolisema, hata mizaha.

*

Siku ya pili baada ya chakula cha mchana niliwaonyesha picha za chale.

Inabidi nieleze, maana jambo hili lina jina langu ndani yake. Mwaka wa kwanza wa Jicho, lilikuwa halijui chale ni nini. Liliona mtoto ana mikato kifuani, likaona wembe umepita, basi likawa linachukua bila kumwuliza mtu. Walichukuliwa watoto arobaini na mmoja ndani ya juma moja. Ni watoto waliochanjwa dawa ya kifua na dawa ya degedege kama sisi sote tulivyochanjwa, kama mama zetu walivyochanjwa. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu Amandi. Alikaa miezi tisa kwenye makao ya mji wa mbali. Aliporudi alikuwa mnene, msafi, anaongea lugha ya kule, na alinitazama mimi kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. Mpaka leo akiona gari la kijivu anajificha chini ya meza, na ana miaka kumi na mmoja.

Nikaenda kwa wakubwa. Nikakaa kwenye benchi lao siku nne, nikala chakula changu pale pale, nikamsimulia kila aliyepita habari za tumbo langu mpaka wakaona afadhali wanisikilize. Ndipo fundi akaja kunikalisha mbele ya Jicho, nikalifundisha. Nilionyeshwa ngozi baada ya ngozi, nikawa nasema chale, chale, chale. Kuanzia hapo Jicho likiona chale linauliza mara moja tu. Likishajibiwa haliulizi tena kwa mtoto huyo. Fundi alinionya wakati anafunga mkoba wake kwamba ruhusa yote ya chale imesimama juu ya neno langu. Nikija kusema kwa mtoto mmoja kwamba niliyoiita chale siyo, Jicho litaacha kuniamini, na litauliza upya kwa wote, siku hiyo hiyo.

Basi niliwasha picha. Nilizipitisha nane, ninazijua kama vyungu vyangu. Ya tisa ilikuwa mpya, Jicho lenyewe lilikuwa limeiongeza kwenye somo kama mfano wa chale. Mtoto wa miaka minne hivi, nguo imepandishwa, ubavu wa kushoto. Mikato saba midogo imepangana kutoka nyongani kupanda mpaka chini ya kwapa, mmoja juu ya mwingine kama vidato vya ngazi. Uso umefutwa. Ila miguu haikufutwa, na mtoto yule alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukanyagisha juu ya wa kwanza, kama korongo wa ziwani.

Mji mzima una mtoto mmoja tu anayesimama hivyo. Siwema. Wazazi wake wako kwenye visima vya gesi ya heli na wanarudi mara moja kila miezi mitatu, mtoto anakaa kwa shangazi yake. Na shangazi yake ni Ditrika.

Niliwaambia wanafunzi waandike walichokiona, dakika kumi. Nikakaa.

Mganga hachanji upande mmoja. Hata mtoto wa shule anajua. Chale zinakwenda mbili mbili, huku na huku, ili dawa ikutane katikati ya mwili. Zinachanjwa siku moja zote, zinapona pamoja, na zinabaki nyeusi kwa ile dawa ya mkaa inayosuguliwa ndani. Hizi hazikuwa nyeusi. Ya chini ilikuwa imeshapauka, ya katikati ina wekundu, na ya juu ilikuwa bado ina kigaga.

Miezi minane nyuma Jicho liliniuliza kuhusu mtoto huyu. Nakumbuka vizuri. Nilikuwa kituoni mtaa wa Bomba, nimeshika kikombe, nawachekesha wapishi. Siwema akapita, ushanga ukalia, nikamwinua kinguo upande mmoja, nikaona mikato miwili, nikasema chale. Sikuangalia upande wa pili. Mtu haulizi dawa ya nyumba ya watu, ni utovu wa adabu kumvua mtoto wa mwenzako ukahesabu alichofanyiwa na mganga wao. Nilikuwa na adabu sana siku hiyo. Nikashusha kinguo, nikamalizia hadithi yangu, wapishi wakacheka.

Makaratasi yalipokuja, kumi na moja yalisema chale. La Generoza liliongeza kwamba mtoto ananawiri. La Ditrika lilikuwa la mwisho, mwandiko umenyooka kama wa mtawa: Mikato saba upande wa kushoto, haikukatwa siku moja. Upande wa kulia hakuna.

Nikalisoma mara mbili. Kisha nikaitazama picha tena. Picha haikuonyesha upande wa kulia.

*

Wakati wa chai nilisema nahitaji mtu wa kunisaidia kuosha vyombo, na nikamtaja Ditrika kabla Generoza hajajitolea. Jikoni kuna dirisha moja kama mengine, juu, na bomba linalopiga kelele. Nikalifungua bomba.

Nilimwambia karatasi yake ina kosa. Nimewafundisha waandike walichokiona, na yeye ameandika asichokiona. Nilikuwa nampa nafasi. Angesema amekosea, ningelichana karatasi na sote tungerudi kwenye chai.

Hakusema amekosea. Alikuwa anaosha kikombe kimoja tu muda wote, anakizungusha, anakizungusha.

"Nimekiona, Bibi," akasema. "Nakiona kila siku nikimwogesha."

Nikamwuliza kwa nini hakuja kwangu. Akaniambia alitaka kuja. Lakini mume wake, Kalisto, alimwambia kwamba Bibi Ledigunda mwenyewe ameshaliona na ameshasema ni chale, na neno la Bibi ndilo neno la Jicho, basi wewe ni nani? Na ilikuwa kweli. Karatasi ya mtihani, akasema, ndiyo pekee inayosomwa na mtu. Ndiyo maana aliomba kuja kwenye mafunzo.

Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vyombo.

Yaliyobaki aliyasema taratibu, akiwa amenigeuzia mgongo. Siwema anakojoa kitandani. Kalisto anasema ni ukaidi na unatibika. Kila akikojoa, mkato mmoja, na kila mmoja unawekwa juu kuliko uliopita, ili mtoto ajue safari inaishia wapi. Mtoto halii tena. Amejifunza kusimama kimya kabisa, hata moyo, ndiyo maana ushanga hausikii kitu.

"Wa nane amesema atamkata shingoni," akasema, "ili wenzake wauone. Na mimi niko humu, Bibi. Hajawahi kulala peke yake na Kalisto mpaka jana."

Nikamwuliza kama jana usiku mtoto alikojoa. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akanionyesha mlango. Atajuaje? Tumefungiwa. Lakini jana kama alinusurika, leo atalala na hofu ya jana, na mtoto mwenye hofu hujikojolea. Mimi nimelea watoto miaka arobaini, sikuhitaji kuelezwa.

*

Nilikaa kwenye chumba cha mwalimu na kidani mkononi. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Kwanza nilijaribu ujanja, maana ndio niliozaliwa nao. Nikalitajia Jicho jina la Siwema na kusema nimeona jeraha la moto. Likauliza, wapi? Nikasema mguuni. Likatazama ushanga, bila shaka, likasema: hakuna. Nikajaribu hofu. Nikasema mtoto ana hofu. Likanijibu kwamba moyo wa mtoto umetulia. Kisha likaongeza, taarifa mbili zisizo za kweli, ya tatu itamfungia mlezi. Mkwe aliyenuna kabisa.

Ukabaki mlango mmoja. Kusema ile ya miezi minane haikuwa chale.

Na huo mlango nilijua unafungukia wapi. Watoto wenye chale Kasanzi walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Nikisema neno hilo, shanga mia mbili na kumi na mbili zitalia kwa pamoja, na mtu pekee wa kuzijibu amefungiwa hapa na magoti yake. Saa moja baadaye magari yataanza. Mia mbili na kumi na wawili, kwenye makao ya mji ule, miezi tisa, pengine zaidi kwa sababu ya wingi wao. Kina Amandi mia mbili. Mmoja wao ni Didasi, mdogo wake Amandi, aliyechanjwa kifua mwezi wa nne, mama yake akiniuliza kama ni salama na mimi nikimjibu kwamba chale nimeshazimaliza.

Upande wa pili wa mizani kuna mkato mmoja. Nilijisemea hivyo, sifichi. Mkato mmoja, pengine miwili, mpaka kesho jioni mlango ufunguke, kisha niende kwa miguu yangu nikamchukue mtoto kimya kimya. Mtu mwenye akili angengoja. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Chumba kile kina hatua tano kwa nne, nilizipima mara nyingi.

Kilichonishinda ni shingo. Ningengoja kama ingekuwa ubavuni, na hilo nalo nimelijua juu yangu mwenyewe siku ile, wala silipendi. Lakini kila nikifumba macho naona wembe na shingo ya kifaranga.

Na kumchukua kimya kimya kulikuwa ndoto tu: kwa neno langu la chale Kalisto angemdai siku hiyo hiyo, na angerudishiwa. Basi nikaanza kufikiri kama mwizi. Mlango unafunguka mwalimu akitia sahihi kwamba wote wamefaulu. Na aliyefaulu ni mlezi aliyesajiliwa, anapewa kidani, anaweza kujibu ushanga wowote wa mtoto aliye mbele ya macho yake. Kumi na wawili, na mimi wa kumi na tatu. Watoto kumi na sita au kumi na saba kila mtu, saa moja. Kasanzi si mji mkubwa.

Ubaya wake ni kwamba hawakuwa wamefaulu. Nilikuwa na makaratasi kumi na moja mbele yangu yaliyotazama picha ya Siwema na kuandika chale. Nikiwatuma hao, watamtazama mtoto upande mmoja, watasema chale, ushanga utanyamaza, na kama yuko Siwema mwingine kati ya wale mia mbili, nitakuwa nimemzika kwa sahihi yangu kwa mara ya pili. Kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu kama mimi wa siku ile hapewi kidani. Sasa nilikuwa nakwenda kuvigawa kumi na viwili kama pipi za ubatizo.

Nikatoka nikawakusanya. Nikawaambia wamefaulu.

Generoza akauliza, hata mimi? Nikamwambia hasa wewe. Nikapita kwa kila mmoja, kidole gumba kwenye kidani chake, sahihi. Kila kidole kilichogusa kilinichoma. Kisha nikawaeleza kitakachotokea baada ya dakika mbili, bila kutaja jina la mtoto, na jinsi nilivyowaeleza hakuna aliyetafuna chochote. Nikagawa mitaa kufuatana na anakoishi kila mtu. Mtaa wangu, wa Kanisani, wenye Didasi ndani yake, uliangukia kwa Generoza kwa sababu yeye ndiye jirani yangu. Ningeweza kuubadilisha. Ditrika alikuwa na mwandiko na macho, lakini Ditrika nilimhitaji niende naye.

"Inueni nguo," nikawaambia. "Pande zote mbili. Mkiona aibu, ioneni baadaye."

Nikalitajia Jicho jina la Siwema, na nikasema ile haikuwa chale. Ameumizwa.

Jicho likauliza, una hakika? Nikalijibu kwamba sitakiwi kuwa na hakika.

Mlango ukafunguka. Na mji wote ulikuwa unalia nyenje.

*

Sijakimbia tangu nilipomzaa mwanangu wa mwisho. Nilikimbia. Ditrika alinishika mkono akanivuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na njiani niliwaona wanawake wangu wakitawanyika, vidani vinarukaruka vifuani, kina mama wametoka nje na watoto mikononi wakiuliza nini, nini. Kila nilipopita karibu na ushanga unaolia niliinua kinguo nilipokuwa nakwenda, kushoto, kulia, chale, chale. Niliwajibia sita njiani.

Gari la kijivu lilikuwa limeshatutangulia kwa Ditrika, maana kwa Siwema neno la mtu lilikuwa limeshasemwa. Kalisto alikuwa ameketi kibarazani anamenya chungwa. Akasema karibuni. Akaniambia mimi mwenyewe, Bibi, kwa adabu kabisa, kwamba pengine kuna makosa, kwa sababu Bibi mwenyewe alishasema ni chale. Nikamjibu ndiyo, nilisema. Mwanamke mmoja wa gari la ulinzi akaandika hilo nalo, na alikuwa na haki.

Siwema alikuwa ukumbini, amesimama kwa mguu mmoja. Ushanga mkononi ulikuwa mwekundu unalia, na yeye ametulia kama picha. Nikatazama shingo kabla sijatazama uso. Shingo ilikuwa nzima. Ditrika aliketi chini sakafuni pale alipokuwa, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Nilipomkaribia mtoto niliona sakafu imelowa, na gauni lake mbele limelowa.

"Nimekojoa, Bibi," akaniambia kwa sauti ndogo sana. "Lakini si kitandani."

Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza. Hatakugusa tena. Hutaenda mbali. Yote yamekwisha. Nilikuwa nimefundisha jana tu kwamba mtoto haahidiwi, na sikuwa na hata moja kati ya hayo la kumpa. Gari lilikuwa linangoja kumpeleka mji ule ule alikopelekwa Amandi. Sikujua atarudi lini, wala kama atarudi ananijua.

Nikatafuta kitu chochote cha kweli.

"Mimi nimekimbia kutoka Nyumba ya Somo mpaka hapa," nikamwambia, "na uzee huu. Hebu tazama kanga yangu."

Akatazama. Haikuwa mizaha. Ilikuwa imelowa kutoka kiunoni mpaka chini. Akaitazama kanga, akanitazama mimi usoni, akaitazama kanga tena kuhakikisha. Kisha, polepole, akaushusha ule mguu wa pili na kuukanyagisha sakafuni.

Walipomtoa nje, Ditrika aliomba apande naye, na wale wanawake wakamruhusu mpaka kituo cha kwanza tu, si zaidi. Kalisto walimpandisha gari la pili. Ganda la chungwa lilibaki kibarazani, refu, halijakatika.

Nilikaa kwenye kizingiti kwa sababu magoti yalikataa kabisa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi saa moja itimie. Kutoka pale unausikia mji mzima. Mtaa wa Bomba ulikuwa umenyamaza. Mtaa wa Stesheni ukanyamaza, mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa na mtu anayepita chumba hadi chumba. Mtaa wa Sokoni. Nilikuwa nawajua kwa majina wale wanawake, na nikawa nawapigia makofi moyoni, hata wale niliowadanganya kwamba wamefaulu.

Mtaa wa Kanisani ulikuwa bado unalia. Nikajikokota kusimama, nikashika ukuta, nikapiga hatua ya kwanza. Zilikuwa zimebaki dakika tatu nilipofika kwenye kona.

Hapo ukanyamaza wote kwa mpigo. Gari sikuliona. Nikasimama na kanga yangu mbichi, nikasikiliza kimya kile, na hakikuwa na tofauti yoyote, awe Generoza ametazama pande zote mbili, au amepita tu mlango kwa mlango akisema chale, chale, na watu wakicheka.